Mboga ya Nyumba ya Bucha

Nyumba yetu ya Makambako ilinukia supu tangu alfajiri. Ilikuwa enzi za ruksa, kila mwenye mtaji anafungua biashara, na Baba akafungua bucha. Basi tulikula nyama jamani! Asubuhi supu na mkate mweupe, mchana na jioni ugali kwa nyama. Karoti na majani ya maboga aliyotuletea Bibi kutoka Kifanya, Mama aliwagawia majirani. "Majani ni ya mbuzi," Baba alikuwa akisema huku anacheka. "Wanangu watamla mbuzi mwenyewe."

Masika ile mdogo wangu Zuhura akaanza kujikwaa. Mchana alikuwa mzima kabisa, lakini jua likizama tu, anagonga vigoda na kupapasa ukuta. Tulidhani anadeka. Jioni moja akalikumba jiko la mkaa, birika likapinduka, chai ya moto ikamwagika pembeni ya miguu yake. "Mama, washa taa!" alilia. Taa ilikuwa inawaka. Sijapata kuogopa vile.

Kesho yake Mama alimpeleka zahanati, nami nikafuatana nao. Nesi akamkagua macho, akauliza, "Mboga anakula?"

Mama nusura akasirike. "Kila siku, nesi! Baba yake ana bucha!"

Nesi alikuwa ameshainama kuandika. Hapo Zuhura akamvuta Mama kanga: "Mama, leo mboga utumbo?"

Kalamu ikasimama. "Hebu ngoja, mama. Nyumbani kwako mboga ni nini?"

"Si nyama?"

"Mungu wangu! Mimi nauliza majani!"

Alimpa Zuhura dawa ya vitamini, akasisitiza majani ya kijani, karoti na mapapai, kila siku, siyo mara mojamoja. Baba aliposikia alifunga bucha mapema, akapita sokoni na kapu. Wenzake wakamdaka: "Vipi mzee wa bucha, umekuwa mbuzi?" Yeye akazidi kujaza kapu karoti na majani. Usiku alikaa mbele ya Zuhura akatafuna karoti mbichi, uso umekunjamana, ili mtoto naye ale.

Wakaendelea hivyo hadi magharibi moja, taa haijawashwa bado, Zuhura akasema kutoka kwenye kona yake: "Baba, una karoti kwenye ndevu."

Baba alijipapasa ndevu, akaikuta. "Alhamdulillahi," akasema, akacheka huku machozi yanamtoka, na Mama akaketi chini palepale kama aliyetuliwa mzigo.

Leo Zuhura ni fundi cherehani Njombe mjini, na magharibi hutunga uzi kwenye sindano bila kuwasha taa. Mimi humtazama tu, moyo ukatulia. Kisha naingia jikoni kwake kuuliza leo kuna mboga gani, na wa nyumbani wakinijibu "nyama", nasubiri waendelee.