Sufuria ya Mumi Niliyokataa Kuonja

Mwaka 1996 nilifanyiwa intavyu tatu ili nikabidhiwe jiko. Wanaume huingia ofisini kwa intavyu moja, tena wengine kwa kujuana tu. Mimi Moraa, mama wa chapati katika soko la Migori, nilichekechwa kama unga wa wimbi.

Kazi niliihitaji. Mume wangu Mosoti alikuwa amemwoa Liz, muuza mitumba, akanitoa mimi na watoto wawili, Boaz na mdogo wake, katika nyumba niliyoikandika udongo kwa mikono hii. Kanisani hawakumgusa, alikuwa mzee wa kanisa. Aliyefutwa ni mimi, kwa kumtukana mbele ya washiriki. Nilimtukana vizuri na sijutii. Tangu hapo tulilala watatu nyuma ya kibanda cha chapati. Sasa chuo kimoja cha ufundi huko Homa Bay kilitafuta mpishi mkuu, na mpishi mkuu alipewa nyumba ya vyumba viwili.

Intavyu ya kwanza ilifanywa palepale Migori, katika ukumbi wa kukodi. Karani wa chuo, Bwana Javan, aliniomba vyeti. Nikamwambia sikusoma hata darasa moja, ila nimewahi kupikia watu mia nne matangani na hakuna aliyelala njaa isipokuwa marehemu. Akacheka mpaka kalamu ikamtoka. Jina langu likabaki.

Ya pili ilikuwa Homa Bay, jikoni. Tulikuwa tumebaki watatu, kila mmoja na moto wake. Samaki wakagawanywa, mimi nikaangukiwa na mumi. Mumi hana magamba, na sisi Wasabato hatumli. Jirani yangu Rispa, mwenyeji wa Homa Bay, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari zangu tukisubiri kuitwa, akaniuliza kwa nini bado nashika sheria za watu walionifukuza. Nikamjibu kwamba sheria hiyo sikupewa na Mosoti, basi hawezi kuninyang'anya.

Kupika nilipika. Nilimkausha kwanza juu ya moshi, nikamkaanga, nikamtia nyanya na dania. Shida ilikuwa chumvi ya mchuzi. Mpishi wa tatu, Mirumbe, alikuwa anapigana na samaki aliyeungua, kwa hiyo nikamwomba Rispa anionjee.

Akachota, akaonja, akakunja uso. "Mama Boaz, hii ni maji matupu. Ongeza chumvi, na usiogope."

Nikashika pakiti. Kisha nikaona mkono wake umerudi sufuriani kuchota kijiko cha pili, safari hii pamoja na mnofu. Nani hurudia maji matupu? Nikaiweka pakiti chini.

Intavyu ya tatu ilikuwa mezani, alasiri ileile. Mkuu wa chuo, Madam Bathsheba, alikuwa na desturi yake: mpishi ale kwanza, wakubwa wakimtazama.

"Sili, Madam," nikasema.

Javan akaweka uma chini, akauliza kama nimetia sumu. Nikaiona ile nyumba ya vyumba viwili ikienda zake. Nikaeleza yote, habari ya magamba, habari ya chumvi, mpaka kijiko cha pili cha Rispa, ambaye alikuwa amesimama kando yangu akihesabu mabati ya paa.

Madam akavuta sahani, akala. Akala tena.

"Mpishi tuliyemfukuza alikuwa akibeba samaki kwenda kwake, sivyo?" akamuuliza Javan.

"Kila jioni, Madam. Wanafunzi walibakiziwa vichwa."

"Na mumi tunapika siku ngapi kwa wiki?"

"Nne."

Akanigeukia. "Basi mumi wangu watakuwa salama kwako. Chagua msaidizi wa kukuonjea."

Nikamtaja Rispa. Akashtuka kuliko mtu yeyote pale. "Mimi? Hata baada ya ile chumvi?"

"Sema uongo upendavyo," nikamwambia. "Mimi nitakuwa nautazama mkono."

Kisha nikaomba ufunguo wa nyumba. Madam akasema nisubiri barua ya kuajiriwa, itachukua wiki mbili. Nikamweleza kwa heshima kwamba nyumba ya kuahidiwa nimeshawahi kuwa nayo, tena niliahidiwa na mzee wa kanisa. Ufunguo utangulie, barua ifuate.

Madam akamtazama Javan. Javan akainuka kwenda kuutafuta, na mimi nikamfuata nyuma.