Kadi ya Chumba cha Saba

Saa mbili asubuhi, mpishi anasimama mbele ya chumba cha saba, sinia la chai na mkate mkononi, sikio kalitega mlangoni. Sinia la jana jioni liko pale pale sakafuni, supu imeganda, kijiko hakijaguswa. Kwenye kitasa inaning'inia kadi: NIKO KIMYA.

"Hata kukohoa, jamani!" ananong'ona. "Mtu mzima hakohoi?"

Nyumba hii yenye vyumba kumi na viwili hupokea watu waliochoshwa na dunia. Huja siku tatu, nne, wakasali, wakatafakari, wakanyamaza. Simu huachwa kapuni mapokezi. Mwenye kadi mlangoni habishiwi hodi mpaka aiondoe mwenyewe.

Mpishi amewahudumia kwa miaka kumi na minane, akitembea na ndala zisizotoa sauti. Kichekesho ni kwamba mtaani kwake wanamwita Redio. "Nikifika nyumbani naongea mpaka mume wangu anaomba poo," anasema, akicheka huku kajiziba mdomo.

Leo kicheko hakidumu. Miaka mitatu iliyopita, mwalimu mstaafu alikaa chumba cha nne, kadi mlangoni. Mpishi alipita na sinia asubuhi, akapita mchana. Mlango ulivunjwa jioni. Kiharusi kilikuwa kimemwangusha tangu alfajiri. Mwalimu alinusurika, ila mpaka leo hawezi kusema.

"Mimi niliitii kadi. Yeye yuko chini, ananisikia napita," anasema. "Acha tu. Acha tu."

Tangu hapo amebisha hodi mara mbili. Mara zote mgeni alikuwa mzima, tena mkali kama pilipili. Ana barua mbili za onyo. Ya tatu ni kufungashiwa virago, na mumewe hajafanya kazi tangu aumie mgongo.

Msimamizi anapita kwenye korido. "Dada, mwache mgeni wa watu. Amefunga huyo."

"Na kama hajafunga?"

"Kadi inasemaje?" Anaenda zake.

Mpishi analiweka sinia chini, anabisha. Kimya. Anabisha tena, sasa kwa ngumi.

Mlango unafunguka. Ni mwanamke wa makamo, macho mekundu, uso kaukunja. Hasemi, maana ameahidi kutosema. Anachukua karatasi, anaandika, anamsukumia: "Kadi huioni?"

Mpishi naye, kwa mazoea, hafungui mdomo. Anaomba kalamu kwa ishara, anaandika chini yake: "Naiona. Ndiyo maana nimebisha."

Mgeni anasoma. Anavuta sinia la chai ndani, anafunga mlango.

Kufikia saa nne habari zimeshafika ofisini: kikao, Jumatatu. Mpishi anamenya viazi bila kuangalia kisu. "Nimejimaliza mwenyewe," anasema. Hata hivyo ana pendekezo lake, wamfukuze wasimfukuze: kila mgeni atoe kikombe nje ya mlango kila asubuhi. "Kikombe kikitoka, najua yu mzima. Kunyamaza kwake kuko pale pale."

Saa saba mchana anarudi kuchukua sinia. Liko nje, chakula kimeliwa chote. Chini ya kikombe ipo ile karatasi, na mstari wa tatu: "Kesho bisha tena."

Anausoma mara mbili, anaikunja karatasi, anaitia mfukoni mwa aproni.

"Jumatatu naingia nayo hii," anasema, kwa sauti yake ya nyumbani, katikati ya korido, wala hajizibi mdomo.