Springi za Gerard Ratajczak

Gerard Ratajczak alipanda pikipiki za mashindano miaka kumi na saba, yote katika klabu yetu moja, huku mkoani Wielkopolska. Alianza akiwa na miaka kumi na sita, mguu wa kushoto umevaa kiatu cha chuma cha kuburuza chini kwenye kona, alichorithi kwa mjomba wake. Mtulinga wake ulivunjika mara nne. Fundi wake tangu siku ya kwanza ni mimi, Zenon, na niseme ukweli, mimi simwamini mtu. Hata mke wangu akinipakulia nyama nyingi najiuliza anataka nini.

Msimu uliopita Gerard akaanza kuchelewa kuondoka mstarini. Mbio zetu ni mizunguko minne tu, na pikipiki hazina breki. Anayetoka wa kwanza utepe wa kuanzia mbio unapopaa ameshakula nusu ya ushindi. Yeye akawa anatoka wa tatu, wa nne. Mjini maneno yakaanza: timu ya mji jirani inamtaka, keshakubaliana nao, anatuangusha makusudi. Muuza mbegu za alizeti pale getini akaniambia kamwona akila na meneja wao. Lisemwalo lipo. Nikaanza kumchunguza. Akipigiwa simu, anatoka nje. Tukiongea, mkono wa kushoto anauficha mfukoni. Mtu mwenye jambo lake utamjua tu.

Jumapili ya mwisho tulikutana na majirani hao hao. Tukishindwa, tunashuka daraja. Ilibaki mbio moja, nayo ilikuwa ya kuamua kila kitu. Gerard alipokwenda kunawa uso, nikafungua klachi yake. Ndani nikakuta springi laini ambazo sikuziweka mimi. Klachi ya springi laini huteleza, na pikipiki hutoka kivivu. Miaka yote hiyo nimemlea, naye anatuuza mbele ya macho yangu! Nikazitoa, nikatia ngumu, nikafunga. Sikumwambia neno. Msaliti haambiwi.

Pale mstarini aliminya klachi, kisha akageuka kunitazama. Nikaangalia pembeni. Utepe haujapaa, pikipiki ikaruka na kuukata. Taa nyekundu ikawaka, mwamuzi akamtoa, wenzake wakakimbia bila yeye, nasi tukashuka daraja. Uwanja mzima ukaimba, "Msaliti! Msaliti!"

Bandani alivua glavu ya kushoto polepole. Vidole viwili vilikuwa vimekakamaa, havikunjiki.

"Tangu nilipoanguka mwezi wa tano," akasema. "Daktari akijua, hanipi ruhusa. Nikatia springi laini ili niweze kuishika klachi mpaka msimu uishe. Umezibadilisha, mzee?"

Nikamwambia ndiyo. Lakini roho yangu mbaya ilikuwa bado haijashiba.

"Na yule meneja wao je?"

"Alinitaka kweli. Nikakataa. Nilijua wewe hutakubali kuhama."

Waandishi wa habari walikuwa wanagonga mlango. Alivaa glavu yake tena, akatoka, akawaambia kwamba mkono ulimteleza, kosa ni lake peke yake. Mimi nilikuwa nyuma yake, na springi zake laini mfukoni mwangu. Hajapanda tena tangu siku ile. Mpaka leo mjini wanamwita msaliti, na mimi nikiwasikia nanyamaza.