Swichi ya Mguu kwenye Boti ya Mjomba

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa mtu wa kuchekacheka, na kila alipocheka kuna mtu aliumia. Boti yake ya kukusanya samaki aliinunua kutoka kwenye mradi uliokufa, ikiwa na winchi ya umeme ya kuvuta nanga. Ukikanyaga swichi pale mbele ya boti, winchi inazunguka na mnyororo unapanda. Watu wa Musoma walikuja ufukweni kuishangaa. Mimi nilikuwa fundi umeme wa magari pale mjini, na kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akiikanyaga.

Swichi ya asili ilikufa miaka ile ya dhiki, dukani ukikuta rafu tupu na muuzaji anapiga miayo. Mjomba akaniletea nyingine aliyoing'oa kwenye sakafu ya Landrova iliyooza Bunda, ile ambayo dereva huikanyaga kubadili taa. Nikamwambia haifai. Swichi ya winchi lazima iwe na springi inayokata umeme ukiinua mguu tu. Hii ya taa ukiikanyaga inabaki imewaka mpaka uikanyage tena. Na kaka, mguu ukiwa kwenye swichi, mikono yake huwa kwenye mnyororo, anaufuta tope kwa gunia, maana mjomba hakutaka tope liguse boti yake. Siku gunia litakaponaswa, mikono itafuata.

"Mpwa wangu, unapendaga sana kuogopa," akasema. "Nikuitie mama yako aje akushike mkono ufunge?"

Nikaifunga, kwa kuwa nyingine haikuwepo. Niliiwekea solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata ya gari, ibebe umeme mkubwa, nikaifunika kwa mpira wa tyubu, na kila wiki nikawa naifungua. Napangusa maji, nasugua shaba kwa msasa mpaka ule ukijani utoke, napaka grisi kwenye kingo za mpira. Nadhani hapakuwa na swichi safi kama ile ziwa zima, na bado ilikuwa haifai.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Vitu vikajaa madukani, viwanda vikaanza kugombania sangara, mjomba akajenga Bweri na kununua redio yenye spika kubwa kama mlango. Nikamwambia swichi za springi sasa zinapatikana Mwanza. Kaka naye akamwomba, kwa adabu, mbele ya wafanyakazi wote. Mjomba akamtazama miguu.

"Hiyo nayo inataka swichi ya Mwanza? Si ilikuwaga inakanyaga mavi ya ng'ombe Butiama mpaka juzi?"

Ng'ombe haohao yeye mwenyewe aliwachunga. Wafanyakazi wakacheka. Kaka naye akacheka, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Siku yenyewe nilikuwa ndani ya boti kwa sababu ya taa mbovu. Tulikuwa tunaondoka Kiriba, samaki wamejaa. Kaka akakanyaga, mnyororo ukapanda, akaanza kufuta tope. Gunia likanaswa. Akainua mguu upesi, kama ambavyo mtu yeyote angeinua, na winchi ikaendelea kuvuta. Ilimburuta kwa kiganja mpaka akaanguka kifudifudi, swichi ikabaki nyuma yake, mguu haufiki. Nikakimbilia betri, nikang'oa waya. Vidole vinne vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshasagwa. Aliyepiga kelele ni mjomba, kule kwenye usukani.

"Mota! Mtaniunguzia mota!"

Hospitali wakavikata. Mjomba hakukanyaga wodini hata siku moja. Nilimchukia, na sioni haya kusema kwamba chuki ile ninayo mpaka leo.

Miezi ikapita, akatuita sote wawili. Alikuwa na boksi mkononi, na ndani yake swichi mpya ya springi, yenye mfuniko mnene wa mpira. Mjinga mimi, nikadhani amejuta. Akanipa niifunge, akaeleza kwamba mota imeanza kunuka moshi tangu siku ile, na mota kama ile haipatikani tena. Halafu akamgeukia kaka, anacheka.

"Na wewe rudi kazini. Kukanyaga hakuhitaji vidole. Tope atafuta mwenye navyo."

Nilitaka kumrushia lile boksi usoni. Lakini kaka alikuwa na watoto Kamunyonge, na tangu aumie walikuwa wanalishwa na mama yetu. Akainama mbele ya mjomba. Akaunyoosha mkono wa kulia, uliobaki na gumba tu, akaushika kwa wa kushoto, kama tulivyofundishwa utotoni kupokea kitu kwa mkubwa.

"Ahsante, mjomba," akasema. "Mungu akuzidishie."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Haikuwepo. Alikuwa anashukuru kweli.