Bado Kidogo

Jina lake la kweli analijua dada yangu na ofisi ya kampuni. Sisi wengine wote, kuanzia wapagazi hadi fundi viatu wetu kule mjini, tunamwita Bado Kidogo, na yeye huitika bila kinyongo. Alikuwa mwongozaji wa watalii milimani. Kazi yake ilikuwa kuwachukua watu waliozoea lifti, awatembeze kwa miguu wiki nzima kwenye mabonde yasiyo na barabara na miji mikongwe ya mawe, halafu awarudishe wakiwa wazima na wanacheka. Mtalii akichoka na kuuliza kama bado ni mbali, alijibu, "Bado kidogo." Alijibu hivyo kambi ikiwa nyuma ya kona, na alijibu hivyo hivyo ikiwa nyuma ya mlima mzima. Kundi moja lilirudi kwao, likachapisha fulana zenye maneno hayo kifuani na kumtumia moja. Huivaa nyumbani akimwagilia mboga.

Mimi ni mpishi wa safari zake, na ni shemeji yake, maana alimwoa dada yangu. Kwa hiyo nina haki ya kumsema mara mbili, na zote nazitumia.

Nilipoanza kazi nilimuuliza kwa nini anadanganya watu wazima mchana kweupe. Tulikuwa tunamenya viazi vya supu, yeye akimenya vibaya kama kawaida yake, nusu ya kiazi inakwenda na ganda.

"Shemeji," akaniambia, "mtu anayelalamika ana nguvu. Mwambie bado kidogo, atatembea. Lakini anayeumwa kweli usimdanganye hata chembe. Huyo mwambie ukweli, ajue kama atatembea au atabebwa. Ukimdanganya mgonjwa, nguvu zake za mwisho atazimalizia kwenye kilima cha kwanza."

Hiyo ikawa sheria yetu, na wapagazi wote waliijua. Wakisikia mtu anaambiwa umbali wa kweli, hawakusubiri amri. Walitua mizigo na kuanza kutafuta miti ya kutengenezea machela.

Dada naye aliijua, kwani huwezi kulala na mtu kitanda kimoja miaka yote hiyo usijue sheria zake. Nyumba yao ina vyumba viwili na jiko la nyuma. Kando ya mlango kuna ubao ambapo viatu vya mlimani vya shemeji vilikaa vikinuka mafuta, na chini yake ndara zake za ngozi, zilizochoka hadi zimechukua umbo la nyayo zake. Kila msimu ulipokwisha, dada alivitazama vile viatu na kuuliza, "Mzee, hii kazi utaiacha lini?"

"Bado kidogo, mke wangu."

"Mimi si mtalii," dada alijibu, na kuingia jikoni kugonganisha sufuria. Mimi na yeye tumezaliwa tumbo moja, hasira zetu zote zinaishia kwenye sufuria.

Sasa nieleze lile lango. Safari yetu ilianzia na kuishia kwenye mji mmoja wa zamani, uliozungushiwa ukuta. Barabara ya magari inakomea nje ya lango lake, na kutoka hapo ni miguu tu. Misimu yangu ya kwanza, shemeji alikuwa akifika langoni na watalii wake anasema, "Hili ni lango. Wafanyabiashara walipita hapa na nyumbu wao. Twendeni." Basi. Watu hawakupata hata nafasi ya kupiga picha.

Msimu wake wa mwisho, hadithi ya lango ikawa na fundi aliyelijenga. Baadaye fundi akapata mke, mke akagombana na mama mkwe, na mlinzi mmoja akalala na funguo mfukoni huku msafara umekwama nje unanyeshewa. Watalii walikaa juu ya mawe, midomo wazi. Walirudi kwao wakamsifu, kampuni ikasikia, ikampangia safari nyingi zaidi. Nami nilimtania, "Shemeji, umekuwa redio. Hakuna mahali pa kukuzimia?"

Nilicheka hadi safari ile ya mwisho, tulipoingia mji wa pili, wa juu, wenye ngazi za mawe zinazopanda katikati ya nyumba. Mimi huwatangulia watu ili wakute chai imeiva. Siku hiyo nilikuwa juu ya ngazi, nikageuka kuwatazama wakija. Shemeji alisimama katikati, akashika ukuta, akaanza kusimulia. Kwa juu nilimwona vizuri. Sentensi za kwanza zilikuwa fupi fupi, kama za mtu aliyetoka kuzama majini. Mkono haukuwa unaonyesha ukuta, ulikuwa umeushikilia. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Alipopata pumzi sentensi zikarefuka, fundi akaoa, watu wakacheka, safari ikaendelea. Hatua chache mbele akasimama tena kwenye jiwe moja la kawaida kabisa, akaanza hadithi nyingine.

Lile jiwe halina historia. Nimelikalia kila msimu nikifunga kamba za viatu, na hakuna aliyewahi kulipigania.

Jioni nilimkuta akisuuza vikombe, kazi ambayo si yake. "Lile jiwe la kwenye ngazi," nikamwambia, "lina historia gani?"

Akacheka. Nikamnyang'anya kikombe. Akaacha kucheka.

"Usimwambie dada yako."

"Nisimwambie nini?"

"Daktari anasema moyo umechoka. Amenipa vidonge. Anasema nisipande juu."

"Na hapa ni wapi? Sebuleni?"

"Nishushe hili kundi tu, shemeji. Halafu naacha. Bado kidogo."

Nilikipiga kisufuria cha maziwa chini hadi kikabonyea, na alama hiyo ipo hadi leo. Nilikasirika kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu mjanja yule alichagua kuniambia mahali pasipo na mtandao wa simu. Simu zetu hazishiki hadi turudi langoni. Kurudi tulikotoka kulikuwa mbali kuliko kuvuka. Njia fupi ya kufika barabarani ilikuwa ile ile ya kupanda hadi pitio la juu, pale njia inapopenya kati ya vilele viwili, kisha kuteremka bonde la mto. Nilimweleza mwongozaji msaidizi, anayetembea nyuma ya wote, ambaye kwa ajili hiyo tunamwita Mfunga Mkia. Yeye ni mtu wa maneno machache. Alikwenda, akambebea shemeji begi lake bila kumuuliza, na shemeji hakukataa. Hilo lilinitisha kuliko ile midomo ya majivu.

Tulipanda taratibu. Shemeji alisimulia kila mahali. Kulikuwa na hadithi ya birika la mawe lililopasuka, ya mti uliopigwa radi, hata ya kinyesi cha mbuzi. Mwalimu mmoja mstaafu, mama mgeni mwenye kofia pana, alikuwa akifurahia kuliko wote. Katika lugha yetu alijua maneno mawili tu, na hayana haja ya kutajwa. Aliyatumia kama salamu, kama asante na kama pole.

Pitio tulilivuka salama. Nilianza kuamini kwamba tumepona. Tulikuwa tumeteremka kidogo upande wa pili, njia imekuwa nyepesi, wapagazi wanaimba, shemeji alipotoka kando ya njia na kuketi. Mwalimu mstaafu akafurahi. Akaweka begi lake chini, akalikalia, akavuta kofia nyuma, tayari kwa hadithi. Wengine wakamzunguka.

Mara hii hakusimulia kitu. Alikaa tu, mkono kifuani, jasho likimtiririka kwenye upepo ule wa baridi.

Mwalimu ndiye aliyeelewa kwanza. Alipiga magoti, akaushika mkono wa shemeji, akaanza kuupapasa huku machozi yakimlengalenga. "Bado kidogo," akamwambia. "Bado kidogo, bado kidogo." Maskini ya Mungu, alikuwa anampa kitu kizuri kuliko vyote alivyopewa kwetu. Shemeji akamtabasamia. Kisha akageuza macho, akanitafuta mimi.

"Shemeji," akasema. "Langoni bado mbali?"

Wapagazi wakaacha kuimba. Mfunga Mkia akanitazama. Nakwambia, niliyataka yale maneno mawili. Yalikuwa yameshafika ulimini. Ningeyasema, angesimama, namjua, angesimama kwa aibu tu ya kutosimama. Angetembea hadi kilima cha kwanza, na pale ningepata cha kumpelekea dada yangu.

"Mbali," nikasema. "Kuna bonde lote la mto, halafu ule mwinuko wa mashamba, halafu ngazi za kupandia langoni. Hutaweza kutembea."

Nyuma yangu nikasikia mizigo inatuliwa.

Naye alisikia. Hakubisha. Alinitazama kitambo, kama mtu anayetazama nyumba aliyohama, kisha akavua filimbi shingoni na kumpa Mfunga Mkia. "Usiwakimbize," akamwambia. "Yule wa soksi nyekundu ana goti bovu, anajificha."

Tulimbeba kwenye turubai la hema langu la jikoni, lililofungwa kwenye miti miwili. Mwanzoni alifumba macho. Tulipofika mtoni, na wapagazi wakaanza kuyumba juu ya mawe, tukasikia sauti kutoka ndani ya turubai: "Nyinyi mmebeba mtu au gunia la vitunguu?" Wapagazi wakacheka wakilia. Mimi nililia bila kucheka. Nilitembea pembeni yake nikimpa vijiko vya maji, na kila pumzi yake niliisikiliza kama anayesikiliza uji jikoni usifurike.

Jua lilikuwa limeinama tulipofika kwenye ukuta wa mji. Chini ya lango watalii wakasimama wote, bila kuambiwa. Ni mazoea, langoni mtu husimama akasikiliza. Wapagazi nao wakasimama. Shemeji akafungua macho, akaona ni wapi, akajiinua kidogo kwa kiwiko.

"Hili ni lango," akawaambia kwa lugha yao. "Watu walipita. Twendeni."

Fundi hakuwemo, wala mkewe, wala mama mkwe. Hakuna aliyecheka.

Hapo simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni. Dada hupiga kila siku ya kurudi, anazijua safari zetu kama anavyojua mgongo wa mumewe. Nilimwekea shemeji simu karibu na mdomo, nikafungulia spika.

"Mzee!" Sauti ya dada ilikuwa na utani, nyuma yake sufuria inachemka. "Uko wapi? Bado uko mbali?"

Barabara ilikuwa pale pale, nje ya lango. Kutoka hapo hadi kwake ni mwendo mfupi wa gari. Kila msimu, shemeji akiwa mahali pale pale, alimjibu jibu lake lile lile, na dada akasonya na kupakua chakula.

"Niko mbali, mke wangu," akasema. "Njoo unichukue."

Tulisikia mfuniko unawekwa, kisha jiko linazimwa, kisha simu ikakatika.

Alikuja na gari la jirani. Nilijiandaa kugombezwa, na nilistahili, lakini hakunitazama. Alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake zile ndara za ngozi. Alipiga magoti pale barabarani mbele ya wageni na wapagazi, akaanza kumvua viatu vya mlimani.

"Cha kushoto kina fundo," shemeji akamwambia.

"Kimya."

Alilifungua lile fundo kwa meno. Akamvalisha ndara, moja moja, akizisukuma hadi visigino vikakaa mahali pake. Halafu akafunga kamba za vile viatu pamoja, akasimama, akamkabidhi Mfunga Mkia. Shemeji alitazama ukuta.

Tulimlaza kiti cha nyuma. Mwalimu mstaafu alitaka kusema kitu kwa dada, akakosa neno, akamwekea tu shemeji kofia yake pana kifuani, kama blanketi. Gari likawashwa. Dada alikuwa ameshashika mlango, mguu mmoja ndani, alipogeuka na kunitazama kwa mara ya kwanza. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa. Ile barabara ya kwenda hospitali anaijua kuliko mimi. Watoto wake wote aliwazaa kwenye hospitali ile ile, na kila mara alisafiri kona zote zile akiwa na uchungu.

"Hospitali," akaniuliza, "ni mbali?"

Nilimshika bega.

"Bado kidogo, dada."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia, akafunga mlango.