Mstari wa Shingoni

Enzi za ruksa, maduka ya Dar yalipofurika kalamu za rangi kutoka ng'ambo, nilijaza begi nikaenda kujitolea likizo ya Juni: kambi ya sanaa ya watoto, kijiji cha vilimani, ndani kutoka Bungu. Nilikuwa nasomea ualimu na nilijiona najua kila kitu. Siku ya kwanza tu nikaduwaa. Kila mtoto alichora kuku, mbuzi au baba yake, kisha akampiga mstari shingoni.

Kuulizauliza ndiyo tabia yangu, nikauliza. Wakacheka. Akanijibu msichana mmoja wa miaka kama kumi.

"Ukichora kiumbe mzima, Kiyama utaambiwa umtie roho. Ukimkata shingo hana uhai, umesalimika. Mwalimu wetu wa madrasa ndivyo alivyotufunza."

Mimi pia nimesoma Kurani, lakini mstari ule wa shingoni ulikuwa mgeni kwangu, na ulinipendeza ajabu. Nikachokoza: na samaki, asiye na shingo, mnamkata wapi? Walibishana mpaka adhuhuri.

Yule msichana peke yake alikuwa na picha isiyokatwa. Ilikuwa ya mama yake, aliyekwenda Dar kuuza mitumba na hakuwa amerudi wala kutuma salamu. Maonyesho yalikuwa Ijumaa baada ya swala, mbele ya wazazi na yule mwalimu, na picha isiyo na mstari haingetundikwa. Kila asubuhi aliisogeza kalamu shingoni, akaiondoa.

"Simkati mama," akaniambia, machozi yakimlengalenga.

Roho iliniuma. Nilikuwa na hotuba nzima ya kumpa mwalimu, lakini nilitaka zaidi kuona mtoto atafanyaje.

Alhamisi akaomba karatasi nyingine. Akamchora mama kwa nyuma: nywele zilizosukwa twende kilioni, kanga, furushi kichwani, njia ikishuka kwenda barabarani.

Ijumaa mwalimu aliitazama picha. "Haina uso, haina neno," akasema, akapita.

Kisha akaja bibi yake, mzaa mama, anayemlea. Alisimama mbele ya picha ile hata wenziwe wakaondoka. Nikasogea nisikie anachonong'ona.

"Geuka basi, mwanangu," alikuwa akiiambia karatasi. "Hebu geuka."