Tenga Langu la Shukrani Lilikuwa Uso Mtupu

Nimekosa, ndugu zangu. Naanza na neno hilo kwa sababu nikianza na maelezo nitajitetea, na mimi nikijitetea huwa nashinda. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka sabini na moja. Naijua kuliko kilimo.

Mimi ni mzee wa kanisa katika milima hii ya Usambara, upande wa Lukozi, tunakolima nyanya, karoti na kabichi. Nilifika kidato cha nne, enzi ambazo mtu wa kidato cha nne aliandikia barua kijiji kizima. Kanisani naketi benchi la mbele. Mchungaji akisafiri, mimi ndiye ninayehubiri, na mahubiri yangu yanajulikana: uaminifu! Mizani ya haki! Nimewakemea wauza maziwa wanaotia maji mpaka mmoja wao akahamia kwa Wakatoliki.

Sasa sikilizeni niliyoyafanya mwenyewe.

Kwetu nyanya husafiri kwenye matenga, na tenga lina uso. Uso ni zile safu mbili za juu, nyanya kubwa, nyekundu, zimepangwa kama watoto wa kipaimara siku ya kupiga picha. Chini ya uso hutegemea moyo wa mpangaji. Wako wanaoficha masalo huko, yaani vinyanya vilivyopasuka, vyenye madoa, vilivyoanza kutoa maji. Juu hutandazwa majani, tenga hushonwa kwa kamba ya katani, na lori linateremka Mombo. Mnunuzi akija kugundua yuko Dar es Salaam, na laana za Dar es Salaam hazipandi mlima.

Jirani yangu Bakari hakuwa mtu wa namna hiyo. Bakari ni Mwislamu wa swala tano. Tulichunga mbuzi pamoja, tukatahiriwa mwaka mmoja, na kazi yake tangu ujana ilikuwa kupanga na kushona matenga ya watu. Alikuwa na fundo lake. Mkia wa kamba unarudi ndani, huuoni, kama mkia wa kifaranga. Wanunuzi wakiliona fundo la Bakari hawafungui tenga, wanapandisha tu kwenye lori. Fundo hilo ndilo lililokuwa shamba lake, maana shamba lenyewe ni dogo, mbuzi akigeuka ameshatoka.

Ikakaribia sikukuu ya mavuno. Nikasimama kanisani nikatangaza kwamba nitaleta tenga zima la nyanya. Hakuna aliyeniuliza! Nilitangaza kwa sababu mwenzangu wa benchi alikuwa ametangaza viazi.

Ijumaa lori likaja, bei nzuri, nikauza nyanya zote. Jumamosi nikabaki na ndoo moja ya nyanya safi, na lundo la masalo nyuma ya jiko, ambalo mke wangu alikuwa amewawekea kuku.

Nikamwita Bakari. Akatazama ndoo, akatazama lundo, akatazama tenga tupu.

"Mghosi," akasema, maana ndivyo wanaume wa Kisambaa tunavyoitana, "hapa naona ndoo. Nyanya za tenga ziko wapi?"

"Haya masalo utaweka chini. Zile juu."

"Haya ya kuku?"

"Zitapikwa, Bakari. Kwenye sufuria nyanya zote ni rojo."

"Si unampelekea Mungu?"

"Zinapigwa mnada. Atanunua mgeni wa Tanga."

"Alaa! Kumbe Mungu ni dalali tu." Akainamia ndoo, akaokota nyanya moja, akaifuta kwa kanzu yake. "Peleka ndoo hii, mghosi. Nzuri kabisa."

Ndoo! Mzee wa kanisa na ndoo, kama mtu aendaye kisimani!

"Wewe shona tu," nikamwambia.

"Fundo langu siliweki hapo. Nisalimie Mama Eliya." Akaenda zake.

Mke wangu alikuwa mazoezini na kwaya. Nikapanga mwenyewe, tena kwa umakini ambao sijawahi kuutia kwenye sala. Kila nyanya ya uso niliigeuza mpaka ikatabasamu. Na nilipofika kwenye kamba, ndugu zangu, nikafunga fundo la Bakari! Nilikuwa nimemwona akilifunga mara elfu. Nikajiambia huu si wizi, fundo si mali ya mtu. Faida ya kusoma ndiyo hiyo: unapata jina zuri kwa kila dhambi.

Jumapili, baada ya ibada, mnada ukaanza nje ya kanisa. Mnadishaji wetu ni Mwalimu Elisha, mstaafu mwenye sauti ya kengele.

"Tenga la mzee wetu!" akapaza. "Tazameni fundo! La Bakari hilo! Hili mtu hafungui, hili mtu anashukuru!"

Wanawake wa usharika wakachangishana wakalinunua. Kisha, kama ilivyo desturi yetu ya mtu kununua na kumtunuku mwenzake, wakampa mama mchungaji. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimemfikiria mgeni wa Tanga.

Mama mchungaji akafurahi mno. Akasema hawezi kula peke yake, wageni wapo, masufuria yako motoni, zipikwe sasa hivi! Nikaanza kukohoa. Nilikohoa sana, ndugu zangu. Kabla sijamaliza, kisu kimepita kwenye kamba na tenga limemwagwa juu ya turubai.

Uso ukatoka kwanza, mzuri. Kisha yakafuata yale mengine. Maji ya nyanya yakatembea taratibu mpaka kwenye viatu vya mgeni rasmi. Harufu ikainuka. Kwaya ilikuwa katikati ya ubeti wa shukrani. Wanaume wakanyamaza kwanza, soprano ikaendelea peke yake kidogo, nayo ikafa.

Bibi Naomi, ambaye masikio yamechoka lakini pua bado ni nzima, akasema kwa sauti kubwa ya viziwi: "Juu mbinguni, chini jehanamu!"

Mwalimu Elisha akaokota kipande cha kamba, akakigeuzageuza.

"Fundo la Bakari," akasema polepole.

Watu wote wakanigeukia. Hapo nilikuwa na nafasi yangu. Neno moja tu lilitakiwa: mimi. Herufi nne!

Nikashusha macho, nikakunja mikono, nikasema: "Tumsamehe. Sote ni binadamu."

Angalieni ustadi huo! Sikudanganya hata neno moja! Sikumtaja mtu! Kila neno lilikuwa bivu, nimelipanga safu ya juu. Watu wakaitikia amina, na mama mmoja akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Niliporudi nyumbani nikamkuta mke wangu nyuma ya jiko, bakuli la kuku mkononi.

"Baba Eliya, masalo yangu yako wapi?"

Akatazama pale palipokuwa na lundo, akanitazama mimi.

"Kuku wamekosa, kanisa limepata," akasema, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo ananipakulia vizuri, ananiamkia vizuri, na haniulizi swali lolote. Heri angenipigia kelele!

Habari zikafika sokoni kabla turubai halijakauka. Wanunuzi wakaanza kuyafungua matenga ya Bakari. Hawakukuta kitu kibaya, lakini kufungua kunachelewesha lori, na lori likichelewa mkulima anapata hasara. Wakulima wakaacha kumwita, mmoja mmoja, kwa adabu. "Safari hii tutashona wenyewe, mzee wetu, wewe pumzika." Mwezi haukwisha. Kazi ya umri mzima ikafa kwa fundo moja ambalo hakulifunga yeye.

Na mimi? Nilikuwa napita mbele ya nyumba yake kila siku. Alinisalimu, nikaitikia. Nilimpelekea kabichi mbili. Kabichi, jamani!

Siku moja akaja na mfuko begani.

"Nateremka Mnazi, kwa binti yangu," akasema. "Kuna palizi ya mahindi."

Mnazi ni huko chini tambarare, joto lake linampika mtu wa milimani mzimamzima. Mzee wa umri wangu, jembe mkononi!

"Maneno ya watu tu hayo, Bakari. Yatapita."

Akashusha mfuko chini. "Mghosi, fundo langu lina mizunguko mitatu. Wa tatu hujificha chini, hujawahi kuuona. Lile la kanisani lina miwili."

"Umeliona wapi?"

"Limetundikwa kwenye msumari ofisini kwenu. Mwinjilisti wenu aliniita niliangalie nikatubu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri useme wewe." Akapandisha mfuko begani. "Haya, gari litaniacha."

Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani. Nikasema yote: ndoo, masalo, uso, fundo la mtu nililoliiba. Kisha nikasikia watu wakivuta pua. Mchungaji akateremka, akanikumbatia.

"Mmeona?" akawaambia washarika. "Mzee wetu amejitwika kosa la jirani ili amwokoe! Na jirani mwenyewe hata si wa imani yetu!"

Vigelegele! Nikasema hapana, mchungaji, ni mimi kweli! Vikazidi. Nikasema naapa! Wakasema tazameni unyenyekevu! Kila nilipokana walinipandisha daraja, na nilipoketi nilikuwa nimebakiza kidogo niwafikie mitume. Kwenye kwaya, mwanamke mmoja tu hakupiga kigelegele. Nalala naye nyumba moja.

Wiki ileile wakanichagua mwenyekiti wa kamati ya maadili. Na hapa niseme lililo baya zaidi. Nilikataa mara tatu. Mara ya nne sikukataa. Nilijiambia nimechoka kubishana, lakini ukweli ni kwamba neno mwenyekiti lilinikaa vizuri masikioni.

Nikateremka Mnazi kumweleza Bakari. Nilimkuta kwenye mahindi, shati limegandamana mgongoni. Nikamweleza yote, na kamati pia.

"Kwa hiyo wewe umekuwa mtakatifu," akasema, "na mimi nimekuwa mwizi aliyeombewa!"

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. Nikataka kucheka naye. Ndipo nikaona mikono yake. Viganja vilikuwa malengelenge matupu, na vile vidole vilivyokuwa vikicheza na kamba vilikuwa vimevimba, havikunjiki.

"Nitaandika gazetini," nikasema haraka. "Nitaungama mbele ya nchi nzima."

"Utaweka jina?"

"Barua za namna hii hazina majina, Bakari. Ndiyo desturi yake."

"Basi huo ni uso mwingine, mghosi."

Na barua ndiyo hii, mnaisoma bila jina.

Akafungua kamba iliyofunga mzigo wake wa kuni, akanitupia. "Funga." Nikafunga. Akaligeuza fundo, akahesabu kwa ukucha, akaguna.

"Miwili. Ndilo hilohilo. Kafunge mbele yao, uliweke karibu na lile la msumarini, kisha uwaonyeshe langu kwenye tenga lolote la zamani. Maneno yako wameshayazoea, wakisikia wanalia. Wape kitu cha kutazama."

"Na wewe utapanda?"

"Nipigie ukimaliza. Nauli ninayo." Akachukua jembe. Baada ya hatua chache akageuka. "Hiyo kamati ya maadili inalipa posho?"

"Hailipi."

"Afadhali. Ningekuja kudai nusu."

Basi nawaonya, wenzangu wa kila dini, hasa ninyi wa mabenchi ya mbele. Siwaambii msiibe benki, najua hamna mpango huo. Nawaambia juu ya ndoo. Ukiwa na ndoo, peleka ndoo! Na siku ukiulizwa mbele ya watu, usijibu kwa neno zuri, jibu kwa neno la kweli, hata kama limepasuka na linatoa maji. Msijenge jina kubwa la uaminifu kuliko uaminifu wenyewe. Mimi nililijenga, na siku nilipotaka kusema kweli halikunipisha mlangoni.

Nimemwomba mhariri asiweke jina langu, kwa kuwa ndivyo ukurasa huu ulivyo. Lakini ninyi wa usharika wangu mmeshanijua tangu mliposoma habari ya turubai, na ndivyo nitakavyo. Kamba ya katani ninayo mfukoni, nimeikata leo asubuhi. Jumapili nikisimama mbele yenu na tenga tupu, nawaomba msilie. Msinipigie vigelegele. Msiseme huu ni unyenyekevu.

Njooni karibu, mhesabu mizunguko.